Injini Ikipoteza Nguvu Usiku: Mwongozo Kamili kwa Rubani wa Ndege Ndogo

Injini ya ndege ndogo ikizima mchana, kazi ya kwanza ya rubani ni ya macho: hutazama chini, huona shamba lililolimwa, ufukwe au barabara ya vumbi, kisha huelekeza pua ya ndege huko. Usiku kazi hiyo haipo. Chini ni giza lenye vijitaa vya hapa na pale, na kinachoonekana kama uwanja mpana wa wazi kinaweza kuwa msitu, korongo au bahari. Kwa sababu hiyo rubani wa usiku hachagui pa kutua baada ya injini kuzima. Hupachagua akiwa bado ardhini. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Mfano nitakaoutumia ni Cessna 172N, ndege yenye injini moja ya pistoni na kabureta, ambayo marubani wengi wamejifunzia. Tarakimu nitakazotaja ni za ndege hiyo. Anayeruka na ndege nyingine achukue tarakimu za kitabu cha ndege yake, kwa kuwa kitabu hicho ndicho chenye kauli ya mwisho. Jambo jingine la kuwekwa wazi mapema ni sheria. Viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, vinataka ndege ya kibiashara yenye injini moja iruke tu katika hali ya hewa, mwanga na njia zinazoruhusu kutua salama injini ikizima, na ruhusa ya kubeba abiria usiku kwa injini moja imewekewa masharti maalumu kwa injini za tabo, si za pistoni. Kwa safari binafsi na za mafunzo kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo thibitisha kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kwamba safari unayoipanga inaruhusiwa.

Hatua ya kwanza: mafuta, kwa mkono na kwa jicho

Injini nyingi zinazozimika angani hazina ubovu wowote wa chuma. Zimekosa mafuta, na kukosa huko kuna namna mbili: mafuta kuisha kabisa kwenye matangi, na mafuta kuwapo kwenye tangi moja lakini yasifike kwenye injini kwa sababu koki imeelekezwa kwenye tangi jingine lililokauka. Namna ya pili inaumiza zaidi, maana wachunguzi huyakuta mafuta mazima ndani ya bawa la ndege iliyoanguka.

Usiamini geji. Panda ngazi, fungua kifuniko cha kila tangi, zamisha kijiti cha kupimia, andika kiasi. Matangi ya kawaida ya 172N yana lita zipatazo 150 zinazotumika, na injini hula karibu lita 30 kwa saa ikisafiri kwa kasi ya kawaida. Sheria ya Marekani inataka akiba ya dakika 30 kwa safari ya mchana inayoongozwa kwa macho na dakika 45 kwa ya usiku. Mimi ninaona saa moja kamili ndiyo akiba ya heshima usiku, kwa sababu kiwanja cha akiba chenye taa kinaweza kuwa mbali sana katika nchi zetu.

Kisha chuja mafuta kutoka kila tundu la chini na uyakague kwenye kikombe. Hapa marubani wengi hukosea bila kujua: huvaa tochi nyekundu kichwani ili kulinda macho yao, halafu wanakagua mafuta kwa mwanga huohuo. Mafuta ya ndege ya 100LL yana rangi ya buluu, na chini ya mwanga mwekundu buluu huonekana kama weusi usiosema kitu. Tumia tochi nyeupe. Inua kikombe hadi usawa wa jicho, weka mwanga nyuma yake, ukitikise kidogo, kisha usubiri. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hushuka na kutulia chini kama tone la kioo, na mstari mwembamba hutenganisha tone hilo na buluu iliyo juu yake. Kama kikombe kizima hakina rangi, usifurahi kwamba hakuna mstari. Huenda umechuja maji matupu.

Hatua ya pili: chora njia ya giza

Cessna 172N iliyopoteza injini, ikishikiliwa kwenye noti 65 (maili 65 za baharini kwa saa) bila flapu, yaani vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, huteleza mbele takriban maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 za kimo juu ya ardhi pasipo upepo, nayo hushuka zaidi ya futi 700 kwa dakika. Ukiwa futi 6,000 juu ya ardhi una maili 9, yaani karibu kilomita 17, na dakika nane hivi. Ukiwa futi 2,000 huna hata dakika tatu. Kimo ndicho kitu pekee unachoweza kununua mapema ili kikulipe baadaye, kwa hiyo usiku ruka juu kadiri mawingu, anga inayodhibitiwa na afya yako vinavyoruhusu.

Sasa chukua ramani na uchore duara kuzunguka kila kiwanja chenye taa kilicho karibu na njia yako, kwa umbali ambao kimo chako kinakuruhusu kuteleza. Pale maduara yanapogusana uko salama. Pale yanapoachana pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo unapopaswa kujua mchana kweupe kuna nini ardhini. Chukua mfano wa mkondo wa Unguja na bara, wenye upana wa kilomita zipatazo 35. Katikati yake uko kilomita 17 na ushei kutoka nchi kavu pande zote mbili, hivyo unahitaji kama futi 6,500 ili tu ufike ufukweni bila upepo, na ukishafika ufukweni hujafika uwanjani. Upepo wa kusi au kaskazi ukikukabili, futi hizo hazitoshi. Rubani anayevuka mkondo huo usiku kwa futi 2,000 amekubali kutua majini injini ikizima, hata kama hajawahi kujiambia hivyo.

Pengo la nchi kavu lisomwe vilevile. Mashamba ya mkonge yana mistari iliyonyooka na njia pana za matrekta. Mashamba ya miwa ni laini kwa juu lakini yana mifereji. Ufukwe wa mchanga hufaa maji yakiwa yamekupwa, na wakati wa bamvua maji hurudi mbali sana na kuacha eneo pana, ilhali saa sita baadaye eneo hilohilo limefunikwa. Andika saa za maji kujaa na kupwa kwenye karatasi yako ya safari. Hesabu pia mwezi: safari ya usiku wa mbalamwezi na safari ya usiku wa giza ni safari mbili tofauti ingawa njia ni ileile. Tena kumbuka kwamba karibu na ikweta magharibi ni fupi. Ukichelewa kuondoka hadi jua lizame, nusu saa baadaye umo gizani.

Hatua ya tatu: macho na mikono

Macho huhitaji takriban dakika 30 kuzoea giza, na mwanga mmoja mkali wa simu huifuta kazi hiyo yote. Kitu hafifu gizani kitazame pembeni kidogo, si moja kwa moja, kwa kuwa katikati ya jicho hakuna uwezo mkubwa wa kuona usiku. Uwezo huo hupungua pia kwa upungufu wa oksijeni kuanzia futi 5,000 hivi, na hupungua mapema zaidi kwa mvutaji wa sigara.

Mikono nayo ifundishwe. Keti kwenye ndege iliyoegeshwa, fumba macho, uguse kimoja kimoja: throto inayoongeza na kupunguza nguvu, kitasa cha joto la kabureta, kitasa cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, koki ya mafuta iliyo sakafuni kati ya viti, swichi ya magneto, yaani vifaa viwili vinavyotoa cheche za injini, swichi kuu ya umeme. Rudia hadi mkono usipapase tena. Nimewahi kumwona mwanafunzi hodari, mwenye majibu yote ya mtihani, akitafuta koki gizani kwa sekunde kumi na zaidi huku kasi ikishuka bila yeye kuona. Tangu hapo simruhusu mtu kwenda na mimi usiku kabla hajavigusa vyote akiwa amefumba macho. Beba tochi mbili, moja ikiwa imefungwa mwilini mwako, maana tochi iliyoanguka chini ya kanyagio ni sawa na kutokuwa nayo.

Hatua ya nne: kuruka

Kabla ya kuingia barabara ya kurukia, jaribu magneto zote mbili kwenye mizunguko 1,700 ya injini kwa dakika: kushuka kusizidi mizunguko 125 kwa yoyote, na tofauti kati yao isizidi 50. Vuta joto la kabureta uone mizunguko ikishuka. Isiposhuka, kifaa hakifanyi kazi, na safari ya usiku imeishia hapo. Halafu sema kwa sauti, hata ukiwa peke yako, utafanya nini injini ikizima ukiwa bado barabarani, ikizima chini ya kimo ulichojiwekea, na ikizima juu yake.

Injini ikizima mara baada ya kuruka, shusha pua papo hapo. Pua iliyoinuliwa kwa kupanda hula kasi ndani ya sekunde chache. Kisha nenda mbele, ukikunja kidogo tu kushoto au kulia kukwepa kikwazo. Kishawishi cha kurudi uwanjani ni kikubwa usiku, kwa sababu taa za uwanja ndizo taa pekee unazozifahamu. Lakini kurudi si nusu duara. Ni zaidi ya nyuzi 200, kwa kuwa lazima ujipange upya na barabara, na ukilaza ndege kwa nyuzi 45 kasi ambayo mbawa huacha kubeba, ile hali ya stoli, hupanda kwa karibu asilimia 19. Ufanyie mazoezi mgeuko huo mchana, juu sana, pamoja na mwalimu, upime futi unazopoteza, uongeze akiba, na uandike namba hiyo. Chini ya namba hiyo, mbele ni mbele.

Kwenye viwanja vya juu kama Wilson ya Nairobi, ulio futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari, injini ya pistoni isiyo na kisukuma hewa (tabochaja) inaanza safari ikiwa imepungukiwa nguvu kwa zaidi ya moja ya saba. Huko mchanganyiko uliojazwa mafuta kupita kiasi unatosha kuifanya injini itetemeke na kudhoofika, na rubani aliyezoea pwani akadhani ina ubovu.

Hatua ya tano: angani, nguvu zikishuka

Mpangilio ni huu, na usiugeuze. Kwanza iendeshe ndege: noti 65, rekebisha trimu ili ndege ijishikilie yenyewe, mbawa sawa. Pili, geukia kule ulikokwisha kuchagua kwenye ramani. Tatu, tafuta sababu. Nne, zungumza na watu. Anayeanza na redio au na kutafuta ubovu huku ndege ikijiendea hupoteza kimo alicholipia tangu mwanzo.

Katika kutafuta sababu, anza na joto la kabureta na ulivute hadi mwisho. Ninajua wasomaji wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam watauliza barafu itatoka wapi kwenye usiku wa nyuzi 26. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu unyevu unaovuja kwenye ngozi yake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Ndani ya kabureta petroli hugeuka mvuke vivyo hivyo huku hewa ikipanuka kwenye koo jembamba, na joto la hapo linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30. Hewa ya pwani iliyojaa unyevu huacha maji yake hapo, nayo huganda. Hatari ni kubwa zaidi throto ikiwa imepunguzwa, kama vile wakati wa kushuka kuelekea uwanjani. Kwenye rafadha ambayo pembe ya mapanga yake haibadiliki, dalili ya kwanza ni mizunguko kupungua polepole bila kelele yoyote, na usiku, bila kutazama geji, huenda usiitambue.

Ukishavuta joto, injini inaweza kutetemeka vibaya zaidi kwa muda, maana barafu inayoyeyuka inapita ndani yake. Huu ndio wakati ambao mkono wa mtu hutaka kukirudisha kitasa. Kiache. Joto hilo linatoka kwenye bomba la moshi la injini yenyewe, kwa hiyo ukichelewa hadi injini ipoe, hutakuwa na joto la kuyeyusha chochote.

Endelea: koki ya mafuta kwenye matangi yote mawili, mchanganyiko uongezwe, pampu ya kuanzishia isukumwe na kufungwa, magneto zote mbili. Kwenye ndege kama Piper PA-28 koki haina nafasi ya matangi yote, hivyo hamia tangi la pili na uwashe pampu ya umeme. Injini ikiendelea kutetemeka, jaribu magneto ya kushoto peke yake, kisha ya kulia. Ukipata moja inayotuliza injini, baki nayo. Rafadha kwa kawaida huendelea kuzungushwa na upepo kwenye noti 65, kwa hiyo hakuna haja ya stata isipokuwa imesimama kabisa.

Kama unashuku mafuta yanavuja, usikimbilie kuyaunganisha matangi. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya Air Transat iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon ilikuwa ikivuja mafuta upande wa injini ya kulia. Marubani waliona matangi hayalingani, wakafungua njia ya kuyaunganisha, na mafuta mazima yakafuata yale yaliyokuwa yakimwagika. Injini zote mbili zilizima juu ya Atlantiki. Kapteni Robert Piché na msaidizi wake Dirk de Jager waliteleza na ndege hiyo kwa dakika zipatazo 19 hadi kisiwa cha Terceira huko Azores, na watu wote 306 walitoka hai.

Nguvu zikipungua tu bila kuisha

Kuna hali ninayoiogopa kuliko injini kuzima moja kwa moja. Injini inayotoa nusu ya nguvu humpa rubani tumaini, na tumaini hilo humvuta aendelee na safari, apite juu ya pengo lake, ajaribu kushikilia kimo kwa kuinua pua hadi kasi iishe. Ichukulie nguvu iliyobaki kama mkopo unaoweza kudaiwa wakati wowote. Geukia uwanja wenye taa ulio karibu zaidi, si ule uliokuwa ukienda. Shikilia kasi, si kimo. Ukifika juu ya uwanja, baki juu, zunguka hapo, na ushuke ukiwa ndani ya umbali wa kuteleza hadi barabara iwe ya uhakika. Kuingia kwa mbali na chini, huku ukitegemea injini iliyokwisha kukuonya, ni kuliacha lile duara ulilolichora kwa makini.

Geji zitakazokudanganya

Kwenye 172N, saa ya upeo bandia na ya mwelekeo huzungushwa na pampu ya hewa inayoendeshwa na injini. Injini ikipungua au kusimama, gairo, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya saa hizo, hupoteza kasi polepole na upeo bandia huanza kulala upande bila kukuarifu. Mchana hutalijali, kwa kuwa upeo wa kweli upo dirishani. Usiku, hasa juu ya maji, upeo bandia ndio uliokuwa ukiutegemea. Hamia kwenye saa ya mgeuko, ambayo hutumia umeme, pamoja na geji ya kasi, altimita inayoonyesha kimo, na dira.

Dirisha nalo lina udanganyifu wake. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na safu ya taa hizo baharini huweza kufanana na mji au kuungana na nyota hadi usijue bahari inaishia wapi. Hata hivyo, ukilazimika kutua majini, taa hizo ndizo zinazoonyesha palipo na watu wenye vyombo.

Hatua ya sita: redio

Weka transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, kwenye namba ya dharura 7700. Kama tayari unazungumza na mwongoza ndege, baki kwenye masafa hayo. Vinginevyo tumia masafa ya dharura ya 121.5 MHz. Sema “MAYDAY” mara tatu, jina la ndege, tatizo, mahali ulipo, kimo, unachokusudia na idadi ya watu. Kiwanja kikiwa karibu, omba taa zote za barabara ziwashwe hadi mwisho. Kisha rudi kwenye kuendesha ndege.

Hatua ya saba: kugusa chini

Ikiwa huwezi kufika uwanjani, elekea eneo la giza unalolijua, karibu na barabara au kijiji lakini si juu yake. Barabara yenye taa maana yake ni nguzo, na nguzo maana yake ni nyaya ambazo hutaziona hadi zikufikie. Waambie abiria wakaze mikanda, wavue miwani, wakumbatie nguo laini mbele ya uso. Shusha flapu mapema, kwa kuwa zinatumia umeme, na uhakikishe sehemu ya kutua unaifikia kabla ya kuzishusha zote; kasi sasa ni noti 60. Washa taa ya kutulia ukiwa chini, yapata futi 500, ili kuitunza betri. Ukishaamua, funga mchanganyiko, koki na magneto, fungua milango isije ikakwama. Umeme mkuu uuache hadi mwisho kabisa kwa ajili ya taa.

Usijaribu kukisia kimo na kuivuta ndege isimame hewani. Gizani wengi huvuta mapema na kudondoka. Shika pua juu kidogo, mbawa sawa, uiache ardhi ikufuate. Mti ukiwa mbele, upeleke ubavu wa bawa kwake, si mwili wa ndege.

Majini, jaketi okozi liwe limevaliwa tangu kuondoka na lisijazwe upepo ndani ya ndege. Mawimbi makubwa na upepo mdogo vinataka utue sambamba na mawimbi. Upepo mkali unataka uukabili. Mlango usipofunguka kwa uzito wa maji, fungua dirisha, uyaache maji yaingie hadi yalingane pande zote, kisha sukuma.

Baada ya kutoka

Ondoka mbali na ndege hadi uhakikishe hakuna moto, hesabu watu, kisha rudi karibu nayo, kwa sababu bawa jeupe huonekana kutoka juu kuliko mtu. Hakikisha kinara cha dharura cha 406 MHz, kinachotuma ishara ya redio kwa waokoaji, kimewaka. Kama kina swichi ya mkono, iwashe wewe mwenyewe. Simu moja itumike, nyingine zizimwe zitunze chaji. Usikusanye vipande wala usihamishe koki au vitasa vilivyobaki kama vilivyokuwa, isipokuwa kwa ajili ya kuokoa mtu, na mara utakapopata nafasi andika saa, kimo, mizunguko uliyoisoma na mpangilio wa ulichokigusa, kabla hujazungumza na yeyote aliyekuja na maelezo yake mwenyewe.